Hatamu kashika yeye, lijamu iko kwa nani?

Ukikutana na watalii wamepanda farasi huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, cheki vifaa vyao. Kile kiti cha ngozi mgongoni ni tandiko. Neno letu kabisa hilo, limetoka kwenye kutandika, kama unavyotandika kitanda. Ila chuma cha mdomoni ni lijamu, na kamba anayoshika mpandaji ni hatamu. Hayo mawili, pamoja na jina farasi lenyewe, yametoka kwa Waarabu kupitia pwani.

Huku bara farasi hawakuenea, mbung'o waliwamaliza. Mnyama akakwama, maneno yakapanda mpaka milimani na kuingia kwenye siasa. Mwaka 1975 katiba ilibadilishwa, chama cha TANU kikawa juu ya Bunge na Serikali. Ndo ile "chama kushika hatamu". Vyama vingi vikarudi 1992, lakini msemo haujafa. Kila akija kiongozi mpya tunasema kashika hatamu, tunapiga makofi.

Sasa jiulize mdau: kama hatamu kashika yeye, lijamu iko mdomoni mwa nani? Tupia maoni yako hapo chini.