Hofu ya Nani? Mashua Yangu na Historia ya Bima ya Bahari

Wakala wa bima alinisukumia fomu ya kurasa nne, kisha akaniomba mchoro wa mashua. Nikamwambia sina. Akauliza ilitengenezwa mwaka gani. Nikakisia. Akauliza nina miaka mingapi kama mwenye chombo. Hapo nikanyamaza, maana mashua nilikuwa nimeinunua wiki tatu tu zilizopita, na mimi mwenyewe nina miaka 24.

"Sasa, kijana," akasema bila ubaya wowote, "unataka tubebe hatari ya kitu ambacho hata wewe hujui kimezaliwa lini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nikaenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kumtafuta mzee aliyeiunda. Nilimkuta chini ya kivuli cha makuti akitia kalafati kwenye dau la mtu. Baada ya salamu nikamweleza shida yangu. Akanitazama kama niliyemwomba cheti cha kuzaliwa cha mwembe.

"Mchoro wa nini, mwanangu? Chombo chenyewe si hicho? Kipime."

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Hoteli moja ya Shela ilikuwa imekubali kunipa wageni wa kuwavusha kutoka uwanja wa ndege wa Manda, ila kwa sharti moja: niwe na bima. Pesa za mashua zilikuwa akiba yangu ya miaka minne, na zilizobaki ni mkopo wa chama. Na chomboni nilikuwa na mabaharia wawili, ndugu wa tumbo moja, wadogo kuliko mimi. Siku ya kwanza mama yao alinishika mkono pale ufuoni akasema, "Hawa ni wako sasa." Niliitikia haraka haraka, kama mtu anavyoitikia salamu.

Nikisubiri wakala anipigie simu, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani aliyezibuni hizi karatasi, na kwa nini zinamshuku mtu hivi.

Neno lenyewe lilinishangaza. Bima lilitufikia kupitia wafanyabiashara wa Kihindi, na mzizi wake uko Uajemi, ambako bim ni hofu. Nahodha nalo ni la Kiajemi, na bandari vilevile. Maneno haya yalivuka bahari ileile, kwenye vyombo vilevile. Haya basi, bima ni hofu iliyoandikwa kwenye karatasi. Lakini ni hofu ya nani?

Mwanzoni ilikuwa hofu ya mwenye pesa. Katika Athens ya karne ya 4 kabla ya Kristo, mfanyabiashara alikopa pesa za kununulia shehena. Chombo kikifika salama, alilipa deni na faida juu. Kikizama, deni nalo lilizama. Miongoni mwa hotuba za mahakamani zilizohifadhiwa kwa jina la Demosthenes, upo mkataba mzima wa mkopo wa drakma 3,000, uliowekewa rehani mitungi 3,000 ya mvinyo. Faida ni drakma 225 kwa kila 1,000. Lakini safari ya kurudi kutoka Bahari Nyeusi ikicheleweshwa hadi nyota ya Arcturus ichomoze, majira ya dhoruba yanapokaribia, faida inapanda hadi 300. Mtu wa Lamu haelezwi hilo mara mbili. Hata sisi tunajua bahari ya kaskazi si bahari ya kusi, na nauli ya Julai si nauli ya Februari.

Hotuba nyingine kati ya hizo inasimulia kisa cha nahodha mmoja, Hegestratos. Alikopa pesa, akazituma kwao Massalia badala ya kununulia nafaka, kisha akapanga kuzamisha chombo ili deni life. Usiku, wakiwa mbali na nchi kavu, akashuka chini kutoboa mbao. Abiria wakasikia. Akakimbia, akaruka gizani akilenga mtumbwi uliofungwa nyuma, akaukosa, akafa maji. Chombo kikaokoka. Niliposoma kisa hicho nilimwelewa kidogo yule wakala wangu. Hanijui. Kwake, huenda mimi ndiye Hegestratos.

Mkataba wa kale zaidi wa bima unaojulikana, ambamo mtu anabeba hatari ya chombo cha mwenzake, ni wa Genoa, mwaka 1347. Lakini ile fomu ya kurasa nne ina ukoo wake London, kwenye mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, uliokuwa ukijulikana tayari mwaka 1688. Manahodha na matajiri walikutana pale kuuziana habari za meli. Mwenye meli alileta karatasi yenye jina la chombo, njia yake na shehena yake. Waliokubali kubeba hatari waliandika majina yao chini, kila mmoja na kiasi atakacholipa mambo yakiharibika.

Tatizo likawa hili: utaipimaje meli ambayo hujaiona? Mwaka 1760 wateja wa pale wakaunda chama cha kuorodhesha meli, na kitabu chao cha zamani zaidi kilichobaki ni cha 1764. Mwili wa meli walioukagua waliupa herufi moja: A kwa ulio bora, kisha E, I, O, na U mwisho. Zile irabu zetu tano tulizoimba darasa la kwanza, kumbe kuna watu walizitumia kupimia mbao. Tangu hapo chombo kikahitaji karatasi ili kiaminiwe na mtu asiyekijua. Kule Matondoni chombo huaminiwa kwa jina la fundi. Ukiitaja mashua yangu, mtu atakuuliza imetoka mikononi mwa nani, na jibu hilo linamtosha. Lakini jina la fundi halivuki hadi ofisini Mombasa.

Kuna jaji mmoja nisiyeweza kumpita: Lord Mansfield. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, alieleza kanuni ambayo bado inatushika: anayeomba bima aseme kila jambo zito analolijua, maana mwandika bima hana macho ndani ya chombo. Kanuni hiyo iliingia katika sheria ya Uingereza ya 1906, na kutoka huko ikaja kwetu, katika Sheria ya Bima ya Baharini, Sura ya 390.

Jaji huyohuyo alisikiliza kesi ya Zong mwaka 1783. Zong ilikuwa meli ya watumwa ya wafanyabiashara wa Liverpool. Mwishoni mwa 1781, ikielekea Jamaica, mabaharia wake waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai. Wakadai maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha. Wenye meli wakaomba bima iwalipe pauni 30 kwa kila mtu aliyetoswa, kwa sababu kwenye hati watu wale walikuwa shehena. Jopo la mahakama likawakubalia. Watoaji bima wakapinga, na Mansfield akaamua kesi inastahili kusikilizwa upya. Lakini mabishano yote yalihusu nani alipe hasara. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Nilipomaliza kusoma hayo, bei ya wakala ilikuwa imefika kwenye simu yangu. Nikaisoma upya, polepole. Mwili wa mashua: umo. Mashine ya nyuma: imo. Moto, wizi, kuzama: vimo. Abiria na mabaharia: hawamo.

Sisemi ofisi ile ni Zong. Hapana. Walinipa nilichoomba, na mimi niliomba bima ya mashua. Mbao nilizikumbuka. Nilikumbuka mkopo wa chama. Wale vijana wawili hawakunijia akilini hata mara moja, na mama yao alikuwa amenishika mkono.

Nikamwendea mjomba, aliyekula chumvi nyingi ya bahari. Akaniambia zamani hakukuwa na bima na watu waliishi. Ni kweli vyombo vyetu vilikuwa na njia zao. Mwandishi Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi pwani hii mwaka 1939, aliona kuwa mabaharia hawakuwa na mshahara bali fungu: gharama zinatolewa, kisha mapato yanagawanywa kati ya chombo na watu wake. Faida ni ya wote na hasara ni ya wote. Na karne nyingi kabla yake, barua za wafanyabiashara zilizopatikana Cairo zinaonyesha watu wakigawa mali yao katika vyombo kadhaa, ili kimoja kikizama wasizame nacho.

"Na baharia akifa, mjomba?"

"Watu wanachanga."

Wanachanga, naam. Nimechanga mara nyingi. Mchango wa msiba hununua sanda, chakula cha matanga na labda karo ya muhula mmoja. Muhula wa pili kila mtu ana shida zake. Tusiipambe sana hiyo zamani.

Wasiwasi wake mwingine ulikuwa wa dini: je, hii biashara ya kubahatisha ni halali? Nikamweleza kuhusu takaful, ambayo Kenya imekuwa nayo tangu 2011: watu wanachangia mfuko mmoja, na anayepatwa na hasara anasaidiwa kutoka humo. Akatafakari. "Hiyo basi ni kuchanga kabla ya msiba," akasema.

Nikarudi kwa wakala, na safari hii nikafuata ushauri wa Mansfield. Nikasema yote. Kwamba mbao mbili karibu na mkuku zimebadilishwa. Kwamba mashine ni ya mitumba. Kwamba nimewahi kuvuka usiku mara mbili bila taa. Akaacha kuandika, akaniangalia.

"Watu huwa hawasemi haya."

Wakamtuma mkaguzi. Alikuja na nyundo ndogo, akagonga mbao moja moja akisikiliza, jinsi mzee wa Matondoni anavyofanya. Kisha akafanya ambalo mzee hakuwahi kulifanya: akapima urefu, upana na kina, akachora. Sasa mashua ina mchoro. Masharti yakaja: jaketi za kujiokolea kwa kila kichwa, abiria wasizidi wanane, hakuna kuvuka usiku, na mimi nipate leseni ya kuendesha chombo.

Bei ya yote kwa pamoja sikuiweza. Nikachagua. Mwili wa mashua nikaukatia bima ya thamani ndogo kuliko niliyoinunulia. Ikizama leo, sitapata ya kununua nyingine, na deni la chama litabaki shingoni mwangu. Kilichobaki mfukoni nikakiweka kwa abiria na mabaharia. Rafiki zangu wawili wenye vyombo wameniambia nimefanya biashara ya kijinga. Huenda wana haki. Niulizeni kusi ikipita.

Karatasi asili naihifadhi nyumbani. Nakala moja imo kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la tezi. Nyingine nilimpelekea mama yao. Hasomi, kwa hiyo akaniomba nimsomee. Nikaruka maneno ya sheria, nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenye majina ya wanawe.

Akaniambia nirudie.