Vichwa arobaini: kikao cha mwezi wa sita 1960 na familia zilizobeba mizigo

Kila mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, wabunge wa jimbo la Lualaba wanafungua kikao huko Kolwezi. Siku ya kufungua tunasikia hotuba kwenye radio, tunasikia majina ya wakubwa waliofika, halafu kimya. Huku Kapanga watu wengi wanasema: hayo ni mambo ya wanasiasa, sisi tunatafuta muhogo wa watoto. Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliotolewa makwenu, historia ya inchi hii inasema tofauti. Tangu uhuru, mara mbili mambo yaliyoamuliwa ndani ya chumba cha mkutano, kwa kuhesabu kura, yalifika mpaka kwenye mlango wa nyumba, na familia zikabeba mizigo kichwani. Na mara zote mbili mtoto wa Musumba alikuwa katikati.

Tuanze na mara ya kwanza.

Hesabu ya mwaka wa 1960

Mwezi wa tano 1960 Kongo nzima ilipiga kura. Uhuru ulikuwa umekwisha kupangwa kwa tarehe 30 mwezi wa sita. Katika jimbo la Katanga kulikuwa na viti 60 vya kuchaguliwa kwenye bunge la jimbo. Chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata 25. Muungano uliosimama na Balubakat ya Jason Sendwe ulipata 23. Viti vilivyobaki vilikwenda kwa vyama vidogo na kwa watu waliosimama peke yao. Ukihesabu kura za wananchi, muungano wa Balubakat ulikuwa umepita Conakat kidogo, lakini kwa viti ulikuwa nyuma. Kwa hiyo hakuna aliyeshinda kabisa, na hakuna aliyeshindwa kabisa.

Tshombe tunamfahamu. Alizaliwa hapa Musumba tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1919, akaoa binti ya Mwant Yav. Sendwe alikuwa mtu wa Kaskazini ya Katanga, muuguzi wa kazi yake, na watu wengi walimfuata.

Sheria iliyoongoza mambo yote wakati ule iliitwa Loi fondamentale. Wabelgiji waliipitisha kwao tarehe 19 mwezi wa tano 1960. Kifungu chake cha 110 kilisema kwamba ili bunge la jimbo lichague serikali, lazima theluthi mbili ya wabunge wawe ndani ya chumba. Sasa mpige hesabu pamoja nami. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Ukitoa watu 23 kwenye 60, wanabaki 37. Hawatoshi.

Muungano wa Balubakat uliiona hesabu hiyo. Mwanzoni mwa mwezi wa sita bunge lilipokutana Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wabunge wake walilalamika juu ya uchaguzi, wakatoka, wakakataa kurudi. Waliobaki hawakuweza kuchagua serikali. Kiti kitupu kilikuwa na nguvu kuliko kiti chenye mtu.

Kwa wale waliotoka, hiyo ilikuwa njia ya kulazimisha Conakat wagawane serikali. Kwa Conakat na Wabelgiji wa Katanga waliokuwa nyuma yao, ilikuwa ni kufunga mlango wa jimbo zima siku chache kabla ya uhuru. Kulikuwa na njia ya tatu: kukaa chini na kupatana. Haikufuatwa. Ilifuatwa njia fupi. Katikati ya mwezi wa sita, Bunge la Ubelgiji lilibadilisha kifungu cha 110 ili serikali ya jimbo iweze kuchaguliwa bila wale waliotoka. Mara moja Tshombe akachaguliwa kuwa prezida wa jimbo, na serikali yake karibu yote ikawa ya Conakat.

Angalieni vizuri. Siku 15 hivi kabla ya uhuru, kifungu kimoja kilibadilishwa huko Brussels na watu ambao hawangeishi ndani ya matokeo yake. Nani huku kijijini alijua? Mutu aliyesikia radio alisikia tu kwamba Tshombe amechaguliwa. Hakusikia kwamba nusu ya jimbo imebaki inje ya chumba.

Yaliyofuata

Tarehe 11 mwezi wa saba 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga na Kongo. Kaskazini ilikataa. Waliokosa nafasi ndani ya bunge walikwenda kupigania nafasi yao porini, na askari wa Katanga pamoja na mamluki wakatumwa kuwazima. Vijiji vilichomwa pande hizo. Katika mwaka wa 1961, watu makumi ya maelfu, wengi wao Baluba, walikimbia nyumba zao ndani ya Elisabethville, wakajaa katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa wafanyakazi, mama wa soko, watoto wa shule. Hawakuwa wamekaa bungeni hata siku moja.

Kujitenga kuliishia hapa kwetu Lualaba. Katikati ya mwezi wa kwanza 1963 Tshombe alikubali kwamba mambo yamekwisha, naye alikuwa Kolwezi. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia katika muji huo.

Kusema vita yote ilitoka katika kifungu kimoja itakuwa uongo. Kulikuwa na pesa ya shaba, kulikuwa na Union Minière, kulikuwa na Wabelgiji na mashaka ya kila upande juu ya mwenzake. Lakini chumba kile cha Elisabethville kilikuwa mahali pa mwisho ambapo watu hao wangeweza kugombana kwa maneno tu. Mmoja alitoka, mwingine akabadilisha sheria, na maneno yakakwisha.

Jimbo letu lilikufa, likafufuka

Wengi wanafikiri jimbo la Lualaba lilizaliwa mwaka wa 2015. Lilikuwapo mbele. Katika mwaka wa 1963, baada ya kujitenga kukwisha, Lualaba ilikuwa jimbo lenye serikali yake, likiongozwa na Dominique Diur. Lilidumu miaka mitatu tu. Mobutu alichukua utawala tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965, na mwaka uliofuata akapunguza majimbo na kuyaunganisha tena. Mabunge ya majimbo yakapoteza nguvu. Tangu hapo, mutu wa Kapanga aliyetaka njia, daraja au dawa alipaswa kungojea neno la Kinshasa.

Mara ya pili: mwaka wa 1992

Mwezi wa nane 1991 Konferansi ya kitaifa ilifunguliwa Kinshasa. Ilikuwa kama bunge kubwa la kutafuta kumaliza utawala wa chama kimoja. Mwisho wa mwaka ule Mobutu alimweka mtoto mwingine wa Musumba kuwa waziri wa kwanza: Nguz Karl-i-Bond, aliyezaliwa mwaka wa 1938. Mwezi wa kwanza 1992 Nguz alisimamisha Konferansi. Wakristo wakaandamana tarehe 16 mwezi wa pili, watu wakauawa barabarani, na mwishoni Konferansi ikarudi kazini. Tarehe 15 mwezi wa nane 1992 ilimchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza, kwa kura zaidi ya 70 kwa mia. Nguz akatoka.

Ndani ya chumba ilikuwa kura ya kawaida. Lakini katika jimbo letu, lililoitwa Shaba wakati ule, liwali alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama kimoja na Nguz, yaani Uferi. Kura ya Kinshasa ilifasiriwa hapa kama kushindwa kwa watu wa Katanga mbele ya watu wa Kasai. Mwezi wa nane na wa tisa 1992 Likasi iliwaka. Mwezi wa tatu 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba za Jekamini, zikalala kwenye vituo vya treni wiki na miezi zikingojea mabehewa. Watoto na wazee walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Watu mamia ya maelfu waliondoka jimboni. Wengi walizaliwa hapa. Babu zao waliletwa na Union Minière tangu miaka ya 1920 kuja kuchimba shaba hii.

Ndugu mliopita katika kituo kile cha treni mnajua kuliko mimi. Nataka tu kuonyesha mfano unavyofanana. Mara ya kwanza na mara ya pili, wakubwa waligombana juu ya kura za chumba, na aliyelipa ni yule ambaye hakuwa ndani ya chumba. Wala hakuelezwa kura ilikuwa ya nini. Alielezwa tu nani ni adui yake.

Na leo?

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 ilirudisha bunge la jimbo. Kifungu cha 197 kinasema bunge hilo linatunga sheria za jimbo, zile zinazoitwa edi, na linasimamia kazi ya serikali ya jimbo. Machifu wa desturi wanaweza kuingia bila uchaguzi wa wananchi wote, lakini wasipite sehemu moja ya kumi ya wabunge. Kifungu cha 30 kinampa kila mutu haki ya kutembea na kukaa popote katika inchi. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa mara inne, na Lualaba ikarudi na teritware zake tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga.

Kisha ikaja sheria ya madini. Bunge la taifa na Seneti waliijadili mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Tarehe 7 mwezi wa tatu 2018, wakubwa wa kampuni za madini, kama Glencore na Randgold, walikuwa Kinshasa ndani ya ofisi ya Rais Joseph Kabila kwa saa nyingi, wakiomba vifungu fulani vibadilishwe. Siku mbili baadaye Rais alitia sahihi. Ona basi: wenye kampuni walifuata kikao kile kifungu kwa kifungu, mpaka siku ya mwisho. Walijua pesa iko katika maneno yale.

Maneno yale yanatuhusu sisi pia. Ushuru wa madini, unaoitwa redevance, ulitoka 2 kwa mia ukafika 3,5 kwa shaba, na kobalti iliwekwa 10 kwa mia mwisho wa mwaka ule. Pesa hiyo inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekteri, chefferie au komini yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inapaswa pia kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Na kanuni ya tarehe 8 mwezi wa sita 2018 ina sehemu nzima, annexe ya XVIII, juu ya namna ya kuhamisha watu wanaoguswa na mgodi: kuwasikiliza, kuwalipa, na kuwapa mahali pa kukaa.

Sasa rudini Musumba. Migodi mikubwa ya shaba iko upande wa Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi. Ile 15 kwa mia inabaki huko. Sisi wa Kapanga tunaweza kuguswa na ile 25 ya jimbo tu, na ile 25 inapita katika bajeti. Bajeti ya jimbo ni edi, na inapigiwa kura katika kikao cha mwezi wa tisa. Mutu anayesema kikao hakimhusu, njia yake ya kwenda Kolwezi imeandikwa mle ndani, au haikuandikwa.

Kwa familia za Kolwezi zilizotolewa majumbani kwa sababu ya kariere, bunge la jimbo lina kazi nyingine: kuuliza. Mbunge anaweza kumwita waziri wa jimbo aje ajibu. Mwezi wa tisa 2023 Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu waliotolewa kwa nguvu karibu na migodi. Ripoti haina kura. Mbunge anayo.

Kwa hiyo kikao kinapofunguliwa, tusiishie kwenye hotuba. Tuulize mambo manne. Moja: wabunge wangapi walikuwa ndani siku ya kura, na nani alitoka? Mbili: kifungu gani kimebadilishwa, na kwa faida ya nani? Tatu: katika bajeti, Kapanga imeandikiwa nini, na ya mwaka jana ilifika? Inne: ni waziri gani ameitwa kujibu juu ya watu waliohamishwa, na alijibu nini?

Mkikutana na mbunge wenu kwenye matanga, kwenye misa au njiani, mumuulize kwa heshima, lakini mumuulize. Na kama mutu atakuja kuwaambia kwamba jirani yenu ndiye sababu ya kura iliyopigwa Kolwezi au Kinshasa, mumwombe kwanza awasomee kifungu.