Tairi la baiskeli limechakaa: lipi la kutupa, lipi la kuvumilia

Sisi watu wa Pwani tukipanda bara huja na baiskeli zetu na mazoea yetu. Kule Malindi au Msambweni njia nyingi ni tambarare, na tairi likipasuka mtu hushuka, akaikokota baiskeli mpaka kwa fundi. Huku Nanyuki ninakoishi mambo ni mengine. Mji uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Kenya. Barabara ya A2 hupanda kutoka hapa hadi kupita Timau, kisha huteremka kuelekea Isiolo, mji ulio kiasi cha mita 1,100 tu. Tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko kama huo, na lori liko nyuma yako, usukani haukusikii tena. Kwa hivyo nimeona niwaandikie namna ya kulikagua tairi kabla halijaamua lenyewe.

Kipara peke yake si hukumu

Wengi huanza kwa kutazama meno. Yakiisha, husema tairi limekufa. Hiyo ni hesabu ya gari. Tairi la gari ni pana na hukimbia kwa kasi, kwa hivyo huhitaji mifereji ya kuondoa maji, la sivyo gari litaelea juu yake. Tairi la baiskeli ni jembamba, la mviringo, na mwendo wake ni mdogo. Hulikata maji lenyewe. Juu ya lami, tairi kipara lenye mpira wa kutosha bado hushika. Matairi mengi ya baiskeli za mashindano hutoka kiwandani yakiwa laini hivyo.

Kwenye matope habari hubadilika. Sehemu nyingi za Laikipia zina udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Hapo meno ndiyo yanayouma ardhi. Ikiwa njia yako ni ya udongo, badilisha tairi kabla ya masika ya Machi hadi Mei, hata kama kwenye lami lingeendelea kukutumikia.

Dalili za kulitoa leo

Ya kwanza ni nyuzi. Chini ya mpira kuna kitambaa cha nyuzi, na hicho ndicho kinachobeba nguvu za upepo. Ukiziona nyuzi mahali popote, juu au ubavuni, safari za tairi hilo zimekwisha.

Ya pili ni uvimbe. Jaza upepo, inua gurudumu, lizungushe taratibu huku ukilitazama kutoka mbele. Likiwa na nundu, nyuzi za ndani zimekatika na tyubu inasukuma nje. Usilipande hata kwenda dukani.

Ya tatu ni ukingo. Ndani ya kingo za tairi mna waya unaolikaza kwenye rimu. Waya ukichomoza au ukikatika, tairi linaweza kuruka nje ya rimu ukiwa mwendoni.

Ya nne ni mpasuko unaopitisha mwanga. Litoe tairi, likunje ubavu, litazame kwenye jua. Mikwaruzo myembamba kama unywele ni uzee tu, iangalie kila wiki. Ufa unaofunguka ukiukunja hadi ukaona nyuzi ni mwisho. Jua la nyanda za juu ni kali kuliko baridi yetu inavyoonyesha, na baiskeli inayoegeshwa nje mchana kutwa huzeeka ubavuni huku meno bado mazima.

Dalili za kujiandaa

Tairi la nyuma hubeba uzito mwingi na ndilo linalosukuma, kwa hivyo huisha kwanza. Mgongo wake ukiwa bapa badala ya mviringo, anza kuweka akiba. Baadhi ya matairi yana vishimo vidogo vilivyotiwa makusudi kwenye mpira; vikifutika, muda umefika.

Dalili nyingine ni pancha za mara kwa mara. Mpira ukipungua, hata mwiba mdogo wa mgunga hupenya. Lakini kabla hujalilaumu tairi, fanya uchunguzi. Ukiitoa tyubu, kumbuka ilivyokaa, ukianzia kwenye vali. Tundu likiwa upande wa nje, tafuta mwiba au kigae cha chupa mahali hapohapo kwenye tairi, maana hubaki humo kikitoboa tyubu baada ya tyubu. Tundu likiwa upande wa ndani, mkosaji ni ncha ya spoku au utepe wa rimu uliosogea. Ubavu ukiliwa mstari mmoja, tazama breki: kipande cha mpira wake kinagusa tairi badala ya rimu. Ukinunua tairi jipya kabla ya kurekebisha hilo, nalo litaliwa vilevile.

Kushona na kutia kipande

Mafundi wetu hujua kushona tairi kwa uzi wa nailoni, au kutia kipande cha tairi kuukuu kati ya tyubu na mpasuko. Ni ufundi mzuri wa kukufikisha nyumbani. Nyuma, kwa siku chache, sina neno. Mbele, kataa. Gurudumu la nyuma likipoteza upepo baiskeli huyumba, na mara nyingi utaidhibiti. La mbele likipoteza, utaanguka kabla hujajua. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa na pesa ya tairi moja, hamisha la mbele likiwa zima lende nyuma, na jipya liweke mbele.

Ukienda kununua

Usiseme tu nataka la inchi 28. Soma namba za ubavuni. Tairi la baiskeli nyingi kubwa za mizigo huandikwa 40-635: upana milimita 40, na kipenyo cha mahali linapokalia rimu milimita 635. Kuna tairi jingine huitwa 28 pia lakini ni 622, na haliingii kwenye rimu hiyo. Namba ya mwisho lazima ilingane na ya tairi lako la zamani. Kisha ulikunje kidogo dukani. Lililotundikwa juani muda mrefu huonyesha nyufa likiwa bado jipya.

Na kwa wanaopandisha baiskeli kwa basi kutoka Mombasa: msiogope kwamba tairi litapasuka kwa sababu ya mwinuko. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo tairi hukazika kidogo, lakini baridi nayo hulipunguza, na mambo karibu yalingane. Tairi zima litafika zima.

Ukaguzi wote huu hauchukui dakika tano. Kwa baiskeli ya mtoto aendaye shule, ufanye wewe mzazi kila Jumapili jioni, ukianzia gurudumu la mbele. Mtoto ataona tu kwamba baiskeli inakwenda.