Kutaja Mshahara Katika Usaili wa Kazi: Nini Hukumu Yake?

SWALI:

Kijana wangu ametoka Unguja kwenda Marangu kutafuta kazi ya upagazi wa Mlima Kilimanjaro. Katika usaili hakutajiwa malipo, ameambiwa tu kuwa wageni ni wakarimu. Naye ameona haya kuuliza, asije akaambiwa ana tamaa. Jee, kuuliza ujira kabla ya kazi kunapunguza tawakkul?

JIBU:



Himdi Anastahiki Allaah, na Rahma na amani zimshukie Mtume Muhammad, aali zake na Swahaba zake.

Kuuliza ujira si tamaa wala hakupunguzi tawakkul. Kuajiriana ni mkataba wa ijaarah, na Mafuqahaa, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy, wameshurutisha ujira ujulikane kabla ya kazi: ni nini, na kiasi gani. Ujira usiojulikana una gharar, nao ndio mlango wa ugomvi.

Dalili iko katika Suratul-Qaswas, Aayah ya 26 hadi 28. Mzee wa Madyan alipotaka kumwajiri Nabii Muwsaa ('alayhis-salaam), alimtajia malipo na muda: miaka minane ni wajibu, na akitimiza kumi, miwili hiyo ni hisani yake. Nabii Muwsaa hakuona haya kuyakariri masharti hayo na kumfanya Allaah kuwa Shahidi. Tazameni jinsi kilicho wajibu kilivyotengwa na kilicho hisani.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kijana wako. Bakshishi ya mgeni ni hisani: huenda ikaja, huenda isije. Haifai kuwekwa mahali pa ujira. Njia ya Marangu kwa kawaida huchukua siku tano au sita, kupitia vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na mpagazi huruhusiwa mzigo wa kilo 20. Wageni wengi huongeza siku moja Horombo ili wazoee hewa ya juu. Basi kabla ya kukubali, na aulize kwa adabu:

1. Malipo ni shilingi ngapi kwa siku, na siku ya ziada inalipwa?
2. Chakula na malazi ni juu ya nani?
3. Malipo yatatolewa lini na na nani?
4. Bakshishi itagawiwa vipi, na ni mbali na ujira?

Na amwombe mwajiri aandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania Bara kwa jumla inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, malipo yakiwemo. Lakini kibarua wa siku chache mara nyingi hubaki na maneno ya mdomo, kwa hiyo haja yake ya kuuliza ni kubwa zaidi.

Naye awe mkweli. Akiulizwa alikuwa akilipwa kiasi gani, asiongeze hata shilingi ili apandishiwe. Huo ni uongo. Kama hataki kutaja, aseme tu kiasi anachokitaka sasa.

Na ikiwa ameshapanda na kushuka bila ya makubaliano, haki yake haikupotea. Anastahiki ujratul-mithl, yaani anacholipwa mpagazi mfano wake kwa kazi kama hiyo.

Tunawakumbusha waajiri pia, wa mahoteli, maduka na hata kamati za madrasa zinazowaambia walimu "tutaelewana": semeni kiasi mapema. Imethibiti katika Swahiyh Al-Bukhaariy kuwa anayemtumikisha mtu mpaka akamaliza kazi kisha asimpe ujira wake, Allaah Atakuwa Hasimu yake Siku ya Qiyaamah.

Mama, mpigie simu mwanao kabla hajaubeba mzigo. Mwambie haya ni katika imani, lakini kunyamazia haki mpaka ikazusha uadui si haya.

Wa Allaahu A'lam.