Kuhama Bara ni Kuhama Sheria

Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wakati Rais William Ruto alipomtembelea Kansela Olaf Scholz. Siku hiyohiyo ikaenea habari kwamba Ujerumani itapokea Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha haraka: mkataba haukutaja idadi yoyote, na kila mwombaji angepimwa kwa masharti ya sheria ya uhamiaji kama mtu mwingine yeyote. Kanusho halikuwa na mbio za uvumi. Vijiweni watu waliendelea kuulizana nafasi zinagawiwa wapi na mshahara ni kiasi gani.

Maswali hayo si ya kipuuzi. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya wa ughaibuni katika mwaka 2024, na nyuma ya fedha hizo ziko karo, dawa na mabati. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba nafasi na mshahara ni maswali ya pili na ya tatu. Anayehamia bara jingine anabadilisha hali yake mbele ya sheria, huko aendako na huku atokako, na hali hiyo ndiyo inayoamua mshahara wake utakuwa na nguvu gani mfukoni. Swali la kwanza ni hili: huko atahesabiwa kuwa nani?

Kwa msemaji wa Kiswahili, Muscat, mji mkuu wa Oman, ni mfano ulio karibu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita nyumbani Waomani waliotawanyika, na wengi wa wale wa Zanzibar waliitika. Baadhi yao walifika na Kiswahili na Kiingereza, Kiarabu kikiwa cha kubabaisha. Lakini walifika wakiwa wenyeji kwa nasaba, katika nchi iliyokuwa na shule 3 tu za kisasa na iliyokuwa ikitafuta watu waliosoma kwa udi na uvumba. Wakaingia wizarani, benki, madarasani na katika sekta ya mafuta. Leo binti anayetoka Tanga kwenda kufanya kazi za ndani katika mji huohuo wa Muscat anaweza kuingia dukani akajibiwa kwa Kiswahili safi. Yeye, hata hivyo, yumo katika mfumo wa kafala: ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri, yaani kafili, na akiondoka katika nyumba ile bila ridhaa anaweza kuripotiwa kuwa mtoro. Bahari ni ileile na lugha ni ileile, ila mmoja alipokewa kama mwana wa nchi na mwingine anahesabiwa kwa jina la kafili wake.

Baada ya hadhi huja cheti. Katika kipindi kilekile cha mkataba wa Berlin, mji wa Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani, uliwapokea madereva 5 wa mabasi kutoka Kenya katika mradi wa majaribio. Nyuma ya habari hiyo ndogo kuna kanuni ambayo wasafiri wengi huijua wakiwa wameshafika. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania hutambuliwa Ujerumani kwa miezi 6 tangu mtu aanze kuishi huko. Baada ya hapo mwenye leseni hufanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Dereva aliyekata njia ya Nairobi na Mombasa kwa miaka 15 anaweza kujikuta darasani pamoja na vijana wa miaka 18, na mwalimu akizungumza Kijerumani. Ujuzi wake haukupotea. Ila sheria ya huko haiuoni mpaka uandikwe kwa karatasi ya huko.

Uuguzi una safari ndefu zaidi. Ni taaluma inayolindwa kisheria, na kila jimbo kati ya majimbo 16 lina mamlaka yake ya kupima vyeti vya nje. Mtaala ukionekana kupungukiwa, mwombaji hupewa njia mbili: mafunzo ya kujazia au mtihani wa kuthibitisha ujuzi. Juu ya hayo kuna lugha, ambayo kwa kawaida hutakiwa kufikia daraja la B2, yaani uwezo wa kumsikiliza mgonjwa mzee mwenye lafudhi ya kijijini na kuandika ripoti ya zamu bila kusaidiwa. Kabla ya utambuzi huo, muuguzi mwenye stashahada huajiriwa kama msaidizi na hulipwa kama msaidizi. Wakala anayetaja mshahara wa muuguzi kamili bila kutaja miezi ya usaidizi hajasema uongo, lakini amemficha mteja wake nusu ya hesabu.

Hesabu yenyewe huanza na anwani. Mgeni anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakaazi ya mtaa wake ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na aliyempa makazi. Anayelala kwenye kochi la binamu hana karatasi hiyo mpaka binamu akubali kuitia sahihi, na wapo wanaosita kwa kuogopa mwenye nyumba. Bila kuandikishwa, namba ya kodi haiji kwa posta. Bila namba hiyo, mwajiri hulazimika kukata kodi kwa daraja la juu kabisa. Nyumba nayo ina bei mbili: Wajerumani husema pango “baridi”, la kuta tupu, na pango “joto”, lililojumlisha maji, kupasha nyumba joto na taka. Amana inaweza kufikia pango baridi la miezi 3, na mara nyingi mpangaji hukabidhiwa jiko lisilo na jiko: mabomba mawili yanayochungulia ukutani, basi.

Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna kisanduku cha dini. Mlutheri wa Moshi au Mkatoliki wa Songea hukijaza kwa moyo mweupe, kama alivyojaza fomu za shule tangu utotoni. Mwisho wa mwezi anakuta makato asiyoyajua. Huko makanisa makubwa hukusanyiwa fedha na ofisi ya kodi: asilimia 8 ya kodi ya mapato katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Yeye alizoea bahasha ya sadaka, ambayo kiasi chake alikipanga mwenyewe. Ukichanganya kodi, bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi, mfanyakazi asiye na mume au mke aliyeahidiwa euro 3,000 kwa mwezi hubaki na 2,000 na ushei. Makato hayo si wizi, kwa kuwa hospitali ataitumia, na pensheni inaweza kumfaa baadaye. Tatizo ni kwamba ahadi ya kutuma fedha nyumbani ilipimwa kwa zile 3,000.

Familia nayo hupita kwenye tundu la karatasi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, hata za kimila, lakini wengi waliooana kwa mahari na baraka za wazee hawajawahi kuikaribia ofisi ya msajili. Ubalozini, mke wa ndoa ya miaka 12 asiye na cheti hugeuka mtu baki. Majina ni mtego mwingine: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, na pasipoti imeongeza jina la babu. Kiapo cha kurekebisha jina ni kazi ya siku chache mtu akiwa nyumbani. Akiwa ng’ambo, huweza kumla miezi.

Wapo watakaopinga kwamba watu hawahami kwa kusoma sheria, bali kwa kushikana mikono. Shangazi hutangulia, huandaa godoro sebuleni, humtafutia mpwa kazi ya kwanza ya kubeba boksi, na maisha yanaendelea. Hoja hiyo ina uzito, kwani undugu umewavusha wengi kuliko wizara yoyote. Udhaifu wake ni kwamba shangazi anajua sheria ya mwaka aliofika. Aliyekwenda Uingereza mwaka 2022 kutunza wazee aliweza kuomba kwenda na watoto wake. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, wanaoingia kwa kazi hiyo hawaruhusiwi kuandamana na wategemezi, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ukafungwa. Ushauri wa shangazi ulikuwa wa kweli ulipotolewa. Mpwa aliyeuza shamba kwa kuufuata hakudanganywa na mtu, lakini shamba limekwenda.

Kuna pia sheria ya huku nyuma. Chukulia wauguzi wawili katika nyumba moja ya wazee, mmoja wa Taveta na mwingine wa Moshi, vilima vilevile na mpaka mmoja katikati. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu mtu kuomba uraia baada ya miaka 5 bila kuuacha wa zamani. Mtaveta hana la kuhofia: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine, ingawa akitaka uwaziri siku moja itabidi achague. Wa Moshi yuko kwenye mizani tofauti. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Marekebisho ya mwaka 2025 yameleta hadhi maalumu kwa Watanzania wa asili waliochukua uraia wa nje, ikiwa na baadhi ya haki, bila kuwarudishia uraia wenyewe.

Hivyo mwaka wa 5 ukifika, fomu mbili zinazofanana zitawekwa juu ya meza moja wakati wa mapumziko ya zamu. Ya Taveta itajazwa kabla chai haijapoa. Ya Moshi itasubiri simu ya kaka mkubwa, kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba bado hakijagawanywa, na kikao cha ukoo kitataka kujua kama anayedai fungu lake ni Mtanzania.