Ufashisti ni nini hasa?

Askari akipindua karai la mama muuza viazi hapa mtaani kwetu Junda, vijana wa maskani hawakawii kusema: "Mafashisti hawa!" Hasira yao ni ya haki. Ila alichotenda askari huyo ni dhuluma, na dhuluma ilikuwepo karne nyingi kabla ya ufashisti.

Asili ya neno ni fascio, Kiitaliano cha tita. Mbele ya wakuu wa Roma ya kale palibebwa tita la fimbo lililofungwa na shoka, alama ya mamlaka ya kuchapa na kuua. Benito Mussolini aliunda kundi lake la jina hilo Milan mwezi Machi 1919, akashika serikali ya Italia Oktoba 1922. Wapo wanaotafsiri neno hili kuwa udikteta au uimla. Mimi sikubali. Dikteta hutosheka watu wakinyamaza. Fashisti anataka umma uvae sare, uandamane, uamini kwamba taifa limedhalilishwa na litazaliwa upya kwa damu ya adui aliyetajwa.

Majirani zetu waliyaona hayo. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, ikatumia gesi ya sumu. Februari 1937 maelfu ya raia waliuawa Addis Ababa kwa siku chache tu. Mwaka 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu hata Malindi.

Wataalamu nao hawakubaliani. Kwa Georgi Dimitrov, mkomunisti, mwaka 1935, ufashisti ulikuwa udikteta wa wenye mitaji mikubwa. Mwandishi Mwingereza George Orwell alilalamika mwaka 1944 kwamba neno limebaki karibu tusi tupu. Mwanazuoni wa Italia Umberto Eco, mwaka 1995, alitaja dalili 14 za ufashisti.

Kwetu mzozo unamhusu Idi Amin wa Uganda: je, alikuwa fashisti? Msomi wa Uganda Mahmood Mamdani alichapisha mwaka 1983 kitabu kuhusu ubeberu na ufashisti nchini Uganda. Kweli, Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke mwaka 1972, na jeshi lake likavamia Kagera, Tanzania, mwaka 1978. Adui alitajwa, damu ikamwagika. Lakini alipiga marufuku siasa za vyama, akatawala kwa kambi za jeshi na makachero. Mimi namwita dikteta wa kijeshi. Wapo wasemao koloni la jana halipimwi kwa kipimo cha Italia, na hoja hiyo ina uzito. Basi watuonyeshe ni umma gani Amin aliouvalisha sare.