Viyoyozi, Barafu ya Mbuta na Leseni za Kisumu

Biashara ya mashine za baridi mjini Kisumu ilikuzwa na samaki kabla ya kukuzwa na joto. Reli ilipofika Port Florence, jina la zamani la Kisumu, mwaka 1901, maofisa wake walipambana na jua la Ziwa Victoria kwa dari za juu na veranda pana. Hapakuwa na mashine, kwa hiyo hapakuwa na wa kuomba leseni.

Mambo yalibadilika miaka ya 1980, samaki aina ya mbuta walipojaa ziwani. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Kisumu na kwingineko kando ya ziwa, na kila kimoja kilihitaji mtambo wa barafu, vyumba vya kugandishia, na mtu wa kuitwa usiku wa manane kompresa inapozima. Minofu ilisafirishwa hadi Ulaya. Mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa, ulibaki ukikaangwa mtaani Obunga, Kisumu.

Mafundi wengi wa baridi walijifunza kazi mikononi mwa fundi mwingine: kusoma presha kwenye geji, kupaka povu la sabuni kwenye maungio ili kuona panapovuja, kuchomelea, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kujaza gesi. Aliyetaka karatasi alifanya mtihani wa ufundi, gredi ya tatu hadi ya kwanza, ambao tangu sheria ya mafunzo ya viwandani irekebishwe mwaka 2011 uko chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, yenye kituo chake Kisumu. Cheti hicho kilithibitisha ustadi wa mkono. Hakikumfanya fundi kuwa mkandarasi.

Sheria ya gesi ilitoka mbali zaidi. Kenya iliridhia Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda ozoni, mwaka 1988, na kanuni za mwaka 2007 zikamtaka anayeingiza nchini gesi zinazoharibu ozoni awe na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Gesi ya R-12, iliyokuwa kwenye karibu kila friji, ilitakiwa kukoma ifikapo 2010. R-22 ya viyoyozi imepewa hadi 2030. Leseni hiyo ilimbana mwagizaji kuliko fundi. Kilichombadilikia fundi ni mazoea: gesi kuukuu iliyokuwa ikiachiwa hewani sasa inapaswa kukusanywa kwenye mtungi.

Ukandarasi wenyewe ulisajiliwa kwa muda mrefu na wizara ya ujenzi, kwa madaraja ya A hadi H. Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na kanuni za 2014 zikafafanua usajili. Viyoyozi na majokofu viliwekwa katika kazi maalumu, daraja la 8 hadi la 1, la mwisho hili likiwa halina kikomo cha thamani ya kazi. Mwombaji huja na kampuni iliyosajiliwa, mtu mwenye sifa za kiufundi na ushahidi wa kazi zilizofanyika. Akikubaliwa, hulipia leseni kila mwaka. Nyaya za umeme zina leseni yake, ya mamlaka ya nishati, EPRA, na kaunti hudai kibali cha biashara.

Mfumo huu unampendelea mwenye ofisi. Fundi hodari wa kiwandani asiye na kampuni huishia kuajiriwa na mwenye karatasi, ambaye huenda hajui kuchomelea bomba. Mwenye duka katika soko la Kibuye anayetaka friji ijazwe gesi haulizi leseni. Zabuni ya hospitali ya umma huiuliza kabla ya kutazama bei.